Wasomaji Wanauliza: Matangazo Yetu Katika Televisheni ya Kazini

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini, isipokuwa moja iliyotoka Pangani, nazo zinahusu jambo moja: ofisi imenunua televisheni, na wenyewe wanataka ionyeshe matangazo na picha zao badala ya vipindi vya king'amuzi. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu ndani yake mna kosa ambalo nimelikuta karibu kila nilipoitwa kutazama kazi ya aina hii, yaani kutengeneza picha kabla ya kumfikiria mtu atakayeisoma na mahali atakapoketi.

SWALI: Mhariri, salaam. Ninafanya kazi mapokezi katika zahanati binafsi hapa Chumbageni. Uongozi umenunua televisheni ya inchi 43 na kuitundika katika chumba cha kusubiria, ili wagonjwa waone saa za kazi, siku za kliniki ya mama na mtoto, kadi za bima tunazopokea na gharama za vipimo. Tulichukua bango la A3 ambalo mchoraji alitutengenezea kwa ajili ya kuchapwa, tukaliweka katika flashi pamoja na picha nyingine. Bango linatokea dogo katikati, pembeni pana weusi, na mtu aliyeketi nyuma hasomi kitu. Baadhi ya picha hazifunguki kabisa, zinazofunguka hazifuati mpangilio, na kila siku mchana televisheni inajizima yenyewe. Je, kuna kifaa maalumu tunachopaswa kununua?

JIBU: Salaam, ndugu yangu. Msinunue kitu chochote kwanza. Televisheni na flashi mlizonazo zinatosha kwa kazi mliyoieleza; kilichokosekana ni picha zilizotengenezwa kwa kipimo cha kioo hicho na kwa macho ya watu wanaokitazama.

Tuanze na umbo. Karibu kila televisheni bapa inayouzwa siku hizi ina kioo cha uwiano wa 16 kwa 9, yaani upana wake unazidi sana kimo chake. Ile ya inchi 43, kipimo ambacho huchukuliwa kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili, ina upana wa sentimita 95 hivi na kimo cha sentimita 53 na nusu. Karatasi ya A3 iliyosimama ina upana wa sentimita 29.7 na kimo cha sentimita 42. Mkiipeleka katika kioo hicho, televisheni huikuza mpaka kimo kijae, na hapo upana wake huwa sentimita 38 tu, huku sentimita 28 na zaidi za kila upande zikibaki nyeusi. Kwa hiyo mmekuwa mkitumia asilimia 40 ya kioo mlichokilipia. Herufi ndizo zilizoathirika zaidi. Maandishi madogo ya bango la kuchapwa, ambayo msomaji huyasogelea mpaka hatua moja, huwa na herufi zenye kimo cha milimita 3 au 4, na hata yakikuzwa na kioo chenu hayafiki milimita 6. Mgonjwa wa benchi la nyuma hawezi kuyasoma, hata awe kijana mwenye macho mazuri.

Wachoraji wa mabango wana kanuni ya siku nyingi inayosaidia sana hapa: kwa kila mita 3 za umbali, herufi kubwa iwe na kimo cha sentimita 2 na nusu. Chukueni tepu ya kupimia, mpime kutoka kwenye kioo hadi benchi la mwisho. Tuseme ni mita 6; basi herufi za jambo kuu ziwe na kimo cha sentimita 5. Slaidi pana ya PowerPoint ina upana wa sentimita 33.87 na kimo cha sentimita 19.05, ambao ni uwiano ule ule wa 16 kwa 9, na wanaotumia LibreOffice Impress, programu inayopatikana bure, wanaweza kuweka vipimo hivyo kwa mkono. Katika slaidi ya namna hiyo, maandishi ya saizi 72 hutoa herufi kubwa za sentimita 5 hivi katika kioo cha inchi 43, na saizi 40 hutoa herufi za karibu sentimita 3, ambazo zinamfaa aliyeketi mita 3 au zaidi kidogo. Chini ya saizi 40 msishuke kwa neno lolote ambalo mnataka lisomwe.

Mkikubali kipimo hicho mtagundua kwamba nafasi ni finyu mno, na hapo ndipo penye kazi hasa. Kwa saizi 72 mstari mmoja hubeba herufi 25 hivi. "Kliniki ya mama na mtoto" inaenea katika mstari mmoja. "Tunapenda kuwataarifu wateja wetu wote kwamba kliniki ya mama na mtoto itakuwa ikifanyika" inakula mistari minne kabla ya siku kutajwa. Sisi watu wa maofisini tumezoea kuandika tangazo kwa adabu za barua, tukitanguliza salamu na kutaarifu na kuomba radhi kwa usumbufu, na katika barua adabu hizo zina mahali pake. Lakini mama aliyempakata mtoto mwenye homa, ambaye anakitupia kioo jicho mara moja kisha anamgeukia mwanawe, anaheshimiwa kwa kuambiwa siku na saa bila kucheleweshwa. Slaidi moja ibebe jambo moja: jina la huduma juu, siku katikati, saa chini, kwa mfano "Jumanne na Alhamisi" na "Saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana". Orodha ndefu ya gharama za vipimo haifai kuwekwa katika televisheni. Ibandikeni kwenye karatasi dirishani, ambako mtu anaweza kuisogelea na kuisoma kwa muda anaoutaka, na katika kioo muonyeshe vipimo vitatu au vinne vinavyoulizwa kila siku.

Msijaze slaidi hadi ukingoni. Televisheni nyingi, kwa desturi iliyorithiwa kutoka vioo vya zamani vya chogo, hukuza picha kidogo na kukata kingo zake, ndiyo maana nembo iliyowekwa pembeni kabisa hutokea ikiwa imemegwa. Katika menyu ya ukubwa wa picha huwa kuna chaguo la kuonyesha picha nzima bila kukuza, nanyi mlichague, lakini hata baada ya hapo acheni asilimia 5 ya upana na ya kimo kila upande bila maandishi.

Kuhusu rangi, mandhari ya buluu iliyokolea yenye maandishi meupe au ya njano husomeka vizuri katika chumba chenye mwanga, na vivyo hivyo maandishi meusi juu ya rangi nyepesi. Nyekundu juu ya kijani iepukwe kabisa, kwa kuwa wapo watu, wanaume wengi kuliko wanawake, ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo mbili. Msiweke maandishi juu ya picha yenye mambo mengi; kama lazima picha iwepo, ikae nusu moja ya slaidi na maneno yakae nusu ya pili.

Sasa picha zisizofunguka. Ninashuku sababu mbili. Kazi ya kuchapwa huandaliwa kwa rangi nne za wino, ilhali televisheni hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, na faili la JPEG lililohifadhiwa kwa rangi za wino huweza kukataliwa na televisheni au kutokea na rangi za ajabu. Mwambieni mchoraji awahifadhie nakala ya rangi za mwanga, yenye pikseli 1920 kwa 1080, ambazo ni nukta za kioo cha HD kamili. Kama kioo chenu ni cha 4K, chenye pikseli 3840 kwa 2160, nakala hiyo bado itaonekana safi kwa mtu aliye mita kadhaa. Sababu ya pili ni aina ya faili: zipo televisheni zinazosoma JPEG lakini hazisomi PNG, wala hazisomi JPEG za aina inayofunguka hatua kwa hatua. Hifadhini kila kitu kwa JPEG ya kawaida.

Mpangilio nao una dawa nyepesi. Televisheni nyingi hupanga picha kwa jina la faili, tena herufi kwa herufi, hivyo faili lililoitwa 10 hutangulia lililoitwa 2. Andikeni 01, 02, 03 na kuendelea. Hata hivyo, mimi ningewashauri mwache picha mojamoja na kutengeneza video. PowerPoint huweza kuhifadhi slaidi zote kama video ya MP4, nanyi mkachagua kila slaidi ikae sekunde ngapi, na hapo mpangilio na muda haviko tena mikononi mwa televisheni. Ili kujua muda unaofaa, someni slaidi kwa sauti, polepole, mara mbili; zilizo nyingi zitahitaji kati ya sekunde 10 na 15. Slaidi nane za sekunde 15 zinakamilika kwa dakika 2, kiasi kwamba mtu anayesubiri daktari ataziona zote zaidi ya mara moja. Katika kichezeo cha televisheni washeni chaguo la kurudia. Kama kila mwanzo wa mzunguko kioo kinakuwa cheusi kwa muda na kuonyesha jina la faili, nakilini slaidi zile zile mara nyingi ndani ya wasilisho moja ili video iwe ya saa nzima, lakini faili lisizidi gigabaiti 4, kwa kuwa flashi zilizoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 hazipokei faili kubwa kuliko hilo.

Kujizima si ubovu. Televisheni nyingi zimewekewa utaratibu wa kuokoa umeme unaozizima baada ya saa kadhaa, mara nyingi saa 4, ikiwa hakuna aliyegusa rimoti. Mkifungua asubuhi, saa hizo zinakwisha mchana kama mlivyosema. Tafuteni utaratibu huo katika menyu ya saa au ya kuokoa umeme, muuzime. Na mkiwa ndani ya menyu hizo, hakikisheni kwamba televisheni imewekwa katika hali ya matumizi ya nyumbani na si hali ya maonyesho ya dukani, ambayo huongeza mwanga kupita kiasi na wakati mwingine hufuta mipangilio yenu bila kuuliza.

SWALI: Ndugu mwandishi, chama chetu cha akiba na mikopo kina ofisi Ngamiani. Kila asubuhi tunabadilisha takwimu za michango na ratiba ya siku, kwa hiyo flashi inatuchosha. Tumeunganisha kompyuta mpakato kwa waya wa HDMI, lakini wiki iliyopita ujumbe binafsi wa mhasibu ulitokea mbele ya wanachama, na mara nyingi kompyuta inalala katikati ya onyesho. Fundi mmoja anatushauri tununue kisanduku cha Android, mwingine anataka Raspberry Pi. Intaneti yetu ni ya bando la simu, haidumu siku nzima.

JIBU: Kompyuta ambayo mhasibu anaifanyia kazi haifai kuwa ndiyo kompyuta ya onyesho, nami ningelisisitiza hilo hata kama ujumbe ule usingetokea. Mkiwa bado mnaitumia, bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na herufi P, mchague kioo cha pili kiwe nyongeza ya kile cha kwanza na si nakala yake. Onyesho litakwenda televisheni, na mambo mengine yatabaki kwa mhasibu. Zimeni arifa zote, ondoeni kulala kompyuta ikiwa kwenye umeme, na katika mipangilio ya onyesho la slaidi chagueni lirudie mpaka kitufe cha Esc kibonyezwe, kila slaidi ikiwa imepewa sekunde zake. Fahamuni pia kwamba takwimu mtakazobadilisha ndani ya Excel haziingii zenyewe katika onyesho linaloendelea. Inabidi kulisimamisha, kusasisha chati, na kulianzisha upya.

Kuhusu vifaa viwili mlivyoshauriwa, vyote vinafanya kazi, na tofauti yao kubwa ni nani atakayevihudumia. Kisanduku cha Android, yaani kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye televisheni na kutumia mfumo ule ule wa simu nyingi, kinafahamika kwa yeyote aliyezoea simu: unaweka programu ya kuonyesha picha za folda moja, unaiamuru ianze yenyewe kifaa kinapowaka, na kazi imekwisha. Udhaifu wake ni kwamba kina masasisho na matangazo yake ambayo huweza kujitokeza mbele ya wanachama wenu saa msiyoitaka. Raspberry Pi ni kompyuta ndogo iliyobuniwa Uingereza na kuanza kuuzwa mwaka 2012. Ubao wake una ukubwa wa kadi ya benki, hutumia mfumo wa Linux, na Impress hufanya kazi ndani yake. Huonyesha kile tu ulichokiagiza. Lakini inahitaji mtu mwenye ujuzi wa kuiandaa mara ya kwanza na wa kuirekebisha ikiharibika, na kama mtu huyo ni fundi mmoja tu ambaye huenda kesho akahamia Dar es Salaam, mtabaki na kifaa ambacho hakuna anayethubutu kukigusa. Kwa ofisi yenu, ikiwa hamna kijana wa ndani anayeijua Linux, ningechagua kisanduku cha Android.

Neno la muhimu zaidi kwenu ni hili: kubadilisha picha kutoka meza ya mhasibu hadi kwenye kioo hakuhitaji intaneti hata kidogo. Ruta ya kawaida, hata isiyo na bando, huunganisha vifaa vya ndani ya ofisi. Tengenezeni folda ya pamoja katika kompyuta moja, kifaa cha nyuma ya televisheni kiisome folda hiyo kupitia ruta, na kila asubuhi mhasibu abadilishe picha zilizomo bila mtu kupanda kiti. Huduma za mtandaoni za kupanga matangazo ni nzuri kwa kampuni yenye matawi mengi, ila kwa chumba kimoja Ngamiani ni gharama ya kila mwezi msiyoihitaji, na bando likikatika mnaweza kubaki na kioo kilichoganda.

Kifaa kikae nyuma ya televisheni chenyewe, kwa waya mfupi. Waya wa HDMI wa shaba ukivuka mita 10 huanza kuleta picha inayokatika, hasa ukiwa wa bei rahisi. Wala msikiwashe kwa umeme wa tundu la USB la televisheni, kwa kuwa mara nyingi tundu hilo hutoa nusu ampea tu, na kompyuta ya namna hiyo ikikosa umeme wa kutosha hujizima na kujiwasha ovyo. Tumieni adapta yake.

SWALI: Sisi pia ni chama cha mikopo, hapa hapa Tanga. Wajumbe wamependekeza majina na picha za wadaiwa sugu ziwe zinapita katika televisheni ya mapokezi ili waone haya walipe. Je, inafaa?

JIBU: Haifai, na nawasihi mliondoe pendekezo hilo mezani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, nayo inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililotajwa wakati wa kuzikusanya. Mwanachama aliwapa picha yake kwa ajili ya fomu ya mkopo. Hakuwapa ili aaibishwe mbele ya jirani zake na watoto wao. Deni lidaiwe kwa barua, kwa wadhamini na kwa vyombo vya sheria. Zahanati nazo zizingatie jambo hili zinapoita watu kupitia kioo: namba ya foleni inatosha, na jina la mgonjwa likiandikwa kando ya jina la kliniki anayohudhuria huwa limeshasema ugonjwa wake.

SWALI: Shikamoo mhariri. Nina nyumba ndogo ya wageni Pangani. Ningependa televisheni ya mapokezi ionyeshe picha nzuri za Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni na Saadani pamoja na muziki wa taarabu. Picha nimezipakua mtandaoni. Kuna ubaya?

JIBU: Marahaba. Ubaya upo. Kuonekana kwa picha mtandaoni hakuifanyi kuwa ya kila mtu. Aliyeipiga ana haki yake chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na wewe utakuwa unaitumia kuvutia wateja. Muziki unaopigwa mbele ya umma katika biashara nao unahitaji kibali, kwa hiyo ulizia katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kabla ya kuuwasha. Kwa maoni yangu chumba cha mapokezi kinachosikika mawimbi ya bahari hakihitaji kuongezewa sauti.

Picha zipige mwenyewe. Uko mahali ambapo watu husafiri kutoka mbali kuja kupapiga picha. Ilaze simu, usiisimamishe, na katika kamera chagua uwiano wa 16 kwa 9, kwa sababu picha ya kawaida ya simu ina uwiano wa 4 kwa 3, na ukiikata baadaye ili ijaze kioo unapoteza robo ya kimo chake, mara nyingi ikiwa ni vichwa vya watu au vilele vya minazi. Tongoni nenda asubuhi au alasiri, jua likiwa limeinama, wakati vivuli vinapoonyesha nakshi za makaburi. Jua la saa 6 hulainisha kila kitu kikawa cheupe. Ndani ya Amboni ni giza, na mmweko wa simu haufiki mbali katika mawe yale ya chokaa, hivyo tuliza simu juu ya jiwe au kitegemeo na uipe muda wa kukusanya mwanga. Chini ya kila picha andika mahali, umbali kutoka kwako na namna ya kufika, kwa kuwa mgeni akiipenda picha jambo la pili atakalouliza ni hilo. Kama mtu anaonekana usoni, mwombe ruhusa kabla ya kumweka ukutani.

SWALI: Ofisi yetu ya uwakala wa forodha iko karibu na bandari. Televisheni inawaka tangu asubuhi hadi jioni ikionyesha nembo yetu na ratiba ya meli. Umeme ukikatika na kurudi, inabaki imezimwa mpaka mtu atafute rimoti. Pia tumeona kivuli cha nembo pembeni hata tunapobadilisha picha. Je, tunaiharibu? Na inatumia umeme kiasi gani?

JIBU: Kivuli hicho ni dalili ya picha isiyobadilika kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Kama kioo chenu ni cha OLED, nukta zenyewe ndizo zinazotoa mwanga na huchakaa kwa kadiri zinavyotumika, hivyo alama ya namna hiyo haiondoki. Kama ni cha LCD chenye taa za LED nyuma, ambacho ndicho kilicho katika ofisi nyingi, kivuli kwa kawaida hufifia mkionyesha picha zinazobadilika kwa saa kadhaa. Kuanzia sasa nembo ionekane katika slaidi yake tu, au ihamishwe pembe kila baada ya slaidi chache, na ratiba ya meli isikae kwenye kioo siku nzima peke yake. Punguzeni pia mwanga wa nyuma wa kioo. Televisheni za nyumbani hutengenezwa zikitarajiwa kuwaka saa chache kwa siku, na mwanga ukiwa wa juu kabisa kwa saa 10 kila siku taa zake huchakaa mapema. Zimeni mnapofunga ofisi.

Umeme si mwingi kama wengi wanavyodhani. Someni wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma, mzidishe kwa saa. Televisheni ya wati 80 inayowaka saa 10 hutumia uniti 0.8 za LUKU kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni uniti 20.8. Kupunguza mwanga kunapunguza na hizo.

Kubaki imezimwa baada ya umeme kurudi kunatokana na mpangilio. Baadhi ya televisheni zina chaguo la kurejea katika hali iliyokuwapo kabla ya kukatika, na baadhi zina hali ya hoteli, ambamo fundi anaweza kuamua televisheni iwake moja kwa moja kwenye tundu fulani la HDMI na sauti isizidi kiwango fulani. Kabla ya hayo, wekeni kilinda umeme kati ya televisheni na ukuta. Umeme unaporudi mara nyingi huja kwa msukosuko, na kilinda umeme kizuri husubiri kwa muda mpaka utulie ndipo kiuruhusu upite. Hakizuii radi, kwa hiyo wakati wa masika mngurumo ukikaribia chomoeni plagi pamoja na waya wa antena.

Kwa kuwa mko karibu na maji, hewa ya chumvi ni adui wa kweli wa viungo vya chuma na vya shaba. Acheni nafasi ya vidole vinne nyuma ya televisheni ili joto litoke, msiitundike ikikabili dirisha linalopokea upepo wa bahari moja kwa moja, na kila baada ya miezi michache chomoeni nyaya za HDMI mkague kama ncha zake zimeota ukoko wa kijani au mweupe. Waya wenye ukoko ubadilishwe. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini kikavu, televisheni ikiwa imezimwa, bila spiriti wala sabuni ya vyombo.